Nauli ya kurudi Pwani: Mbona mwenye dharura ndiye alipaye zaidi?

Simu ya msiba haina saa. Mwaka uliopita ilinikuta Ruiru, saa tatu za usiku, nikiwa ndio kwanza nimevua viatu. Alikuwa dada yangu wa Kisauni. "Kaka, mjomba katutoka. Maziko ni kesho baada ya adhuhuri."

Treni ya mwisho kwenda Mombasa huondoka Syokimau saa nne usiku. Kutoka Ruiru, kwa muda wa saa moja, na kwa tiketi ambazo zilikuwa zimekwisha siku kadhaa kabla, hilo halikuwa jambo la kulifikiria. Nikakimbilia mabasi. Kiti ambacho jirani yangu alikikata juma moja kabla kwa shilingi 1,300, mimi nikauziwa 2,500. Nililipa bila kubishana. Anayekwenda kumzika mjomba wake hana moyo wa kupatana bei, na aliye dirishani anayauza tiketi alilijua hilo.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu wapwani wengi wanaoishi Thika na Ruiru wana chao kinachofanana nacho. Tuko wengi huku kuliko inavyodhaniwa. Wako vijana wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika, JKUAT pale Juja na Zetech pale Ruiru. Wako wanaofanya kazi katika viwanda vya Thika, walio katika idara za serikali, na wenye biashara zao ndogo Majengo na Kamakis. Wote hawa, hata wakikaa bara miaka ishirini, wana safari ambazo hawawezi kuzikwepa: maziko, harusi, Idi, Maulidi ya Lamu, mzazi mgonjwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Suali ni nani anayelipia marejeo hayo, na kwa nini watu wawili waliokaa kiti na kiti katika gari moja huwa wamelipa bei mbili.

Aina za nauli katika treni

Tuanze na treni ya Madaraka Express, kwa kuwa nauli zake ndizo zilizo wazi zaidi. Treni hii ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo hukimbia kilomita 472 baina ya Mombasa na Nairobi. Kuna daraja la kawaida na daraja la kwanza, na siku hizi limeongezwa daraja la juu zaidi kwa wenye uwezo wao. Hadi mwisho wa mwaka 2023, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 1,000 na la kwanza 3,000. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, Shirika la Reli lilipandisha hadi 1,500 na 4,500. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupanda kwa bei ya mafuta.

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hasafirishwi kwa nauli, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Sasa tupige hesabu ya baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi wanaotoka Thika kwenda Mombasa kwa Idi. Kabla ya 2024 walilipa shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Leo ni 4,500 kwenda na 4,500 kurudi. Familia imeongezewa shilingi 3,000 kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Na utaona jambo jingine hapo: mtu mmoja wa daraja la kwanza hulipa sawasawa na familia nzima hiyo iliyokaa daraja la kawaida.

Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639#, kwa intaneti, au dirishani stesheni, na malipo huwa kwa M-Pesa. Jina na nambari ya kitambulisho cha abiria huandikwa kwenye tiketi. Bei haibadiliki kwa kuwa leo ni Ijumaa au kesho ni Krismasi. Aliyekata mwezi mmoja kabla na aliyekata jana wamelipa sawa, mradi wote wawili wamepata kiti.

Na hapo ndipo penye kitendawili. Kwa kuwa bei haipandi wakati wa msimu, kinachopungua ni viti. Treni moja hubeba zaidi ya abiria 1,000, lakini ikifika Disemba au mkesha wa Idi, tiketi za daraja la kawaida huisha mapema sana, hata Shirika la Reli likiongeza treni za ziada. Anayepata ni yule aliyejua tarehe ya safari yake mapema.

Aina za nauli katika mabasi

Mabasi yana utaratibu wake. Kwanza kuna tofauti ya kiti: vya mbele vyenye nafasi huitwa VIP au biashara, vya katikati na nyuma ni vya kawaida. Pili kuna tofauti ya saa: basi la usiku na la mchana huenda zisiwe bei moja. Tatu, na hii ndiyo kubwa, kuna tofauti ya siku. Nauli ya katikati ya Februari na nauli ya tarehe 23 Disemba ni kama ardhi na mbingu, na hakuna chombo cha serikali kinachoweka kikomo cha juu cha nauli ya basi la masafa marefu hapa Kenya. Mwenye basi hupanga, abiria hukubali au hubaki.

Jirani zetu wa Tanzania wana utaratibu mwingine. Huko kuna mamlaka inayoitwa LATRA ambayo hupanga nauli za mabasi na za treni baada ya kusikiliza wadau, na hutangaza kiwango kwa kila kilomita. Treni yao ya umeme ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, nauli ya kawaida ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilitangazwa kuwa shilingi 13,000 za Tanzania, na hadi Dodoma 31,000. Mtu akitozwa zaidi anajua pa kwenda kulalamika na anajua alalamikie kiasi gani.

Hata hivyo tuwatendee haki wenye mabasi. Wao husema kwamba msimu wa sikukuu basi hujaa upande mmoja na kurudi na viti vitupu upande wa pili, kwa hivyo anayekwenda humlipia asiyerudi. Hoja hiyo ina uzito. Mafuta ya kurudi hayapungui kwa sababu gari ni tupu. Lakini haielezi kwa nini kiti cha mwisho katika basi la siku ya kawaida, siku ambayo hakuna sikukuu wala mikiki, kiuzwe karibu mara mbili kwa mtu aliyefika akiwa na macho mekundu ya kulia.

Mbona meli za watalii hufanya kinyume?

Ukisimama Kilindini siku ambayo meli kubwa ya watalii imetia nanga, utaona watu waliokata tiketi zao pengine mwaka mzima kabla. Biashara hiyo ina aina nyingi za nauli. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho rahisi, kisha chenye dirisha, kisha chenye roshani, kisha vyumba vya wakubwa. Iko tiketi ya bei ya chini ambayo ukighairi hurudishiwi kitu, na iko ya bei ya juu ambayo unaweza kubadilisha siku au kurudishiwa pesa. Anayekata mapema hutoa amana na kuchagua chumba. Lakini mara nyingi, siku za mwisho kabla meli haijang'oa nanga, vyumba vilivyobaki huuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa nini? Kwa sababu mtalii halazimiki kusafiri. Akiona bei kubwa atakaa kwake au atakwenda mahali pengine. Chumba kitakachoondoka kitupu ni hasara tupu, basi mwenye meli hushusha bei.

Mabasi yetu hayashushi kwa sababu mwenye basi anajua kwamba anayekuja siku ya mwisho analazimika. Huyo ni mfiwa, au mwanafunzi ambaye chuo kimefungwa ghafla, au mama aliyeambiwa mwanawe amelazwa hospitali ya Makadara. Kanuni ni ileile ya biashara, ila kwa mtalii inamfaa na kwa mfiwa inamkandamiza. Kumbe aina za nauli si mambo ya viti vilaini na viti vigumu pekee. Ndani yake mna suali la nani ana hiari ya kusubiri na nani hana.

Basi tukiyaweka pamoja: treni huwagawia viti waliowahi, basi huwagawia wenye pesa. Mwenye dharura hakuwahi, na mara nyingi hana pesa. Anashindwa pande zote mbili.

Mwezi hauandami kwa ratiba

Kwetu sisi kuna tatizo jingine ambalo wapangaji wa nauli hawalifikirii. Krismasi iko tarehe 25 kila mwaka, na mtu anaweza kukata tiketi yake mapema akalala. Idi inategemea kuandama kwa mwezi. Mpaka usiku wa mwezi 29 hatujui kama kesho ni Idi au ni kufunga siku ya thelathini. Mwajiri wa Thika naye hatoi ruhusa mpaka sikukuu itangazwe.

Kwa hivyo mpwani anayetaka kusali Idi kwao hubahatisha. Akikata tiketi ya siku ya mapema, huenda kazini wasimruhusu. Akikata ya siku ya baadaye, huenda Idi ikamkuta njiani. Akikata mbili ili awe salama, amelipa mara mbili. Akingoja atangaziwe, treni imejaa na basi limepanda bei. Tiketi inayoweza kusogezwa siku moja mbele au nyuma bila kutozwa faini ingemaliza taabu hii kwa maelfu ya watu.

Nauli ambayo haiandikwi kwenye tiketi

Wanaoishi Nairobi mjini husahau jambo moja kuhusu sisi wa Thika na Ruiru: shilingi 1,500 za treni si nauli yetu yote. Thika iko zaidi ya kilomita 40 kutoka katikati ya Nairobi, na stesheni ya Syokimau iko mbali tena upande wa pili wa jiji, kwenye barabara ya Mombasa. Anayetaka treni ya saa mbili asubuhi anatakiwa awe ameshapita ukaguzi wa mizigo kabla ya hapo. Maana yake ni kutoka Thika giza likingali giza, matatu hadi mjini, kisha gari jingine au treni ya kuunganisha hadi Syokimau. Asubuhi ya mvua, nauli ya matatu hupanda hapo hapo stejini.

Ipo reli inayopita Ruiru na Thika, na treni ya abiria wa mjini hutumia njia hiyo. Lakini imepangwa kwa ajili ya mfanyakazi: asubuhi humpeleka mjini, jioni humrudisha. Haikupangwa kwa ajili ya msafiri wa Mombasa mwenye mabegi na watoto. Wa Ruiru ana afadhali kidogo. Anaweza kushika barabara ya Eastern Bypass kutoka Kamakis, akapita Utawala, akatokea barabara ya Mombasa bila kuingia mjini. Wa Thika hana budi kujumlisha.

Ukifika Miritini hesabu haijaisha. Treni ya usiku hufika kabla ya alfajiri. Anayekwenda Mvita au Kisauni atatafuta gari saa ambazo wenye magari wanajua huna la kuchagua. Wa Kwale anaweza kupitia Dongo Kundi bila kuvuka feri. Wa Lamu ana safari nyingine nzima ya basi, kisha boti kutoka Mokowe. Basi, kwa ubaya wake wote wa bei, hukuteremsha katikati ya mji. Wakati mwingine tiketi ya basi ya 1,600 ni rahisi kuliko tiketi ya treni ya 1,500. Usilinganishe tiketi kwa tiketi. Linganisha kutoka mlango wa nyumba yako hadi mlango wa nyumba unakokwenda.

Kinachoweza kufanywa

Nchini India, ambako treni hubeba mamilioni ya watu kila siku, walikutana na tatizo hili zamani. Mwaka 1997 walianzisha utaratibu unaoitwa Tatkal. Sehemu ya viti katika treni hutengwa na haiuzwi mpaka siku moja kabla ya safari. Aliyepata habari ghafla ana pa kukimbilia, kwa nyongeza ya nauli. Walanguzi waliuvamia, kama walanguzi walivyo kila mahali, hata ikabidi kuanzia Julai 2025 anayekata tiketi hiyo kwa intaneti athibitishe kitambulisho chake cha taifa.

Sisi tayari tunaandika nambari ya kitambulisho kwenye tiketi ya treni. Shirika la Reli likitenga hata behewa moja la daraja la kawaida katika kila treni, likalifungua siku moja kabla ya safari, mfiwa wa Thika atakuwa na pa kuanzia. Atasema mtu: je, viti hivyo visipopata watu? Vifunguliwe kwa yeyote saa chache kabla ya treni kuondoka. Katika msimu ambao watu hufukuzwa dirishani, hakuna kiti kitakachokwenda kitupu. Atasema mwingine: nani atathibitisha kwamba huyu kweli amefiwa? Hakuna haja ya kuthibitisha. Kufungua viti siku moja kabla kunatosha, kwa sababu asiye na dharura huwa ameshakata chake.

Tena tuna haki ya kudai. Reli hii si ya tajiri mmoja. Tangu mwaka 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa zinazoingia nchini, na bidhaa hizo tunazinunua sote, wanaopanda treni na wasiopanda. Nauli ilipopanda kwa nusu nzima mwanzoni mwa 2024, tangazo lilitoka Disemba, wiki chache tu kabla. Ingekuwa vyema wabunge wetu wa Pwani, ambao wapiga kura wao ndio abiria wakubwa wa treni hii, waulize kuhusu nauli za dharura na tiketi za kusogezwa kabla ya nyongeza nyingine kuja.

Kwa upande wa mabasi, kikomo cha nauli kama cha Tanzania ni jambo la sheria na litachukua muda. Lakini kubandika nauli ukutani, ili kila mtu aone bei ya leo kabla hajauliza, hakuhitaji bunge. Bei iliyoandikwa haimtazami mtu usoni ikapanda.

Wakati tunangoja

Nasi wenyewe tuna la kufanya. Jumuiya za wapwani Thika na Ruiru huchanga haraka sana mtu akifiwa, na mchango huo mara nyingi huishia kwenye nauli. Kuweka akiba ndogo ya nauli ya maziko kabla ya msiba, kama chama kinavyoweka, humpunguzia mfiwa aibu ya kupiga simu kumi usiku. Wanafunzi wanaojua tarehe ya kufunga chuo wakate mapema, tena kwa kikundi, wawaachie nafasi za mwisho wasio na hiari.

Kabla hujalipa, uliza mambo matatu: nikighairi narudishiwa kiasi gani, nikibadilisha siku natozwa nini, na mtoto wangu analipa vipi. Usimtumie mtu pesa kwa nambari yake binafsi ya simu eti akukatie tiketi ya treni iliyokwisha. Tiketi hubeba jina na kitambulisho chako; iliyo na jina la mwingine haitakuvusha langoni, na pesa hazitarudi.

Mjomba nilimuwahi. Basi lilifika asubuhi, nikamkuta angali ndani, nikaingia kaburini kumpokea kama inavyotakiwa. Kijana mmoja wa kwetu anayefanya kazi Thika hakuwahi. Alikuwa na shilingi 1,500 mkononi, nauli kamili ya treni iliyojaa, na basi lilitaka zaidi. Alifika siku ya pili, akasomewa duaa kaburi likiwa limeshafukiwa. Alikosa shilingi elfu moja.